Mambo ya Nyumbani: Kuni za Kuotea Moto Wakati wa Baridi

Watu wa nchi za mbali wakisikia ya kwamba mstari wa ikweta wapita katika Kenya, hudhani kwamba hapana mtu wa huku aijuaye baridi. Laiti wangelala usiku mmoja wa mwezi wa Julai katika Nyahururu, mji ulio karibu kabisa na mstari huo, wangebadili mawazo yao kabla ya kupambazuka. Nyahururu, Limuru, Molo na Kinangop ni mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na tangu Juni hata Agosti ukungu hushuka asubuhi, ukakaa, wala jua halionekani mpaka saa sita ya mchana, na siku nyingine halionekani kabisa. Hapo ndipo kila mwenye nyumba akumbukapo kuni.

Katika nyumba ya zamani moto ulikuwa katikati, penye mafiga matatu, na jamaa wote wakauzunguka. Moto huo ulipika chakula, ukawapa joto watu na mbuzi, ukakausha mahindi yaliyowekwa darini, na moshi wake ukatoka katika nyasi za paa upendavyo. Nyumba za mawe zilipoenea, moto ulihamishwa ukawekwa ukutani chini ya dohani. Wengine walizirithi nyumba za namna hiyo kwa maofisa na walowezi walioondoka wakati wa uhuru mwaka 1963, na wengine wamejijengea wenyewe. Fundi akiulizwa siku hizi, atasema ya kwamba mwenye nyumba katika milima hataki sebule isiyo na mahali pa kuotea moto. Tena wako wajengewao pambo tu: dohani nyembamba isiyovuta, na siku ya kwanza ya kuwasha moto wageni wote hutoka nje wakifuta machozi. Lakini hilo ni shauri la mafundi, na hapa habari ni ya kuni.

Jambo la kwanza lipasalo kufahamiwa ni kwamba kuni za bei nafuu hazinunuliwi mwezi wa Julai. Wakati huo kila mtu azitaka, mvua za masika zimeharibu njia za mashambani, na miti iliyoanguka au kukatwa ingali mbichi. Mwuzaji naye ni mtu mwenye watoto. Akiona wanunuzi watatu wamesimama mlangoni, hatapunguza bei. Mtu atakaye kuni za Julai yafaa azitafute Januari au Februari, wakati wa kiangazi, ambapo lori hufika hata ndani ya shamba, na mwenye miti ana haja ya fedha kwa sababu karo za shule zadaiwa mwanzo wa mwaka. Kuni zilizonunuliwa Januari zitakauka kwa miezi mitano bila ya gharama yo yote, illa nafasi kidogo nyuma ya nyumba na mabati mawili ya zamani ya kuzifunika.

Watu wengi hawapendi habari hii, kwa kuwa fedha za Januari zina wenyewe wengi. Hata hivyo hesabu ni vema ifanywe. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji yapata nusu ya uzito wake. Basi mtu anunuaye kilo 100 za kuni mbichi amenunua kilo 50 za mti na kilo 50 za maji, yaani madebe mawili na nusu, na ameyalipia maji hayo sawasawa na kuni. Kuni zilizokauka vizuri kwa upepo na jua hubakiwa na maji yapata sehemu moja katika tano. Katika kilo 100 za kuni hizo mna kilo 80 za mti. Tuseme kwa mfano kuni mbichi zauzwa shilingi 1,000 kwa kilo 100, na kavu zauzwa shilingi 1,400. Mnunuzi asiyefikiri atachukua zile za 1,000 akijiona mwerevu. Lakini za kwanza zimemgharimu shilingi 20 kwa kila kilo ya mti wenyewe, na za pili zingalimgharimu shilingi 17 na senti 50.

Wala hasara haiishi hapo. Yale madebe mawili na nusu ya maji lazima yachemshwe yakauke kabla kuni hazijatoa joto la kumfaa mtu, na kazi hiyo hula karibu sehemu moja katika saba ya joto lote la zile kuni. Zaidi ya hayo, moto wa kuni mbichi ni moto baridi. Hauna nguvu ya kuunguza moshi wake wenyewe. Moshi usioungua hupanda katika dohani, ukakutana na mawe ya baridi, ukageuka masizi na kitu cheusi chenye kunata kama lami. Kitu hicho huongezeka mwaka hata mwaka, na siku moja cheche hukifikia, dohani ikawaka ndani kwa ndani, na nyumba yenye dari ya mbao ikawa hatarini. Mwenye nyumba ahesabuye shilingi alizookoa katika kuni mbichi, azitie na hizi katika hesabu yake.

Basi kuni kavu zitambuliwe namna gani? Mwuzaji daima atasema ni kavu. Mwanamke mmoja mwenye akili, akiwa sokoni, huenenda hivi. Mwuzaji humwambia, "Mama, hizi zimekaa mwaka mzima, kavu kabisa." Naye hujibu kwa upole, "Asante, baba. Hebu nichanjie hiki kimoja." Hataki kutazama nje ya kuni, kwa maana nje hukauka kwa wiki mbili tu, ataka kuona moyo wa gogo. Kikishapasuliwa, hukigusisha shavuni upande wa ndani. Kikiwa cha baridi na chenye unyevu, huagana na mwuzaji kwa heshima akaenda zake. Kisha hutazama ncha: kuni kavu zina nyufa kama miale ya jua kutoka katikati, na ganda lake hubanduka kwa mkono. Mwisho hugonga vipande viwili pamoja; vikavu hulia kwa sauti kali kama kengele ya mti, na vibichi hutoa sauti nzito iliyozibwa. Mambo haya hayahitaji chombo wala elimu ya chuo, na mwuzaji mwaminifu hachukizwi nayo.

Shauri la vipimo ndilo linalowaibia watu wengi zaidi. Kuni huuzwa kwa tita, kwa mkokoteni, kwa pikapu na kwa lori, na hakuna hata kimoja katika hivyo kilicho kipimo. Kuni zilizotupwa ovyo ndani ya pikapu hujaza gari mpaka juu, kumbe katikati mna hewa tupu. Mnunuzi azipange kwa safu ukutani, atashangaa. Tuseme sanduku la gari lina urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na nusu, na kimo cha nusu mita. Huo ni ujazo wa mita moja na nusu za mraba wa pande zote tatu. Kuni zilizochanjwa na kutupwa humo, zikipangwa vizuri nyumbani zitakuwa yapata mita moja tu ya namna hiyo. Kwa hiyo yafaa mapatano yafanywe kwa kuni zilizopangwa: mnunuzi na mwuzaji wasimame penye rundo, wapime urefu, upana na kimo kwa kamba yenye alama za mita, wazidishe, halafu ndipo bei itajwe. Mwuzaji akikataa kupanga, mnunuzi naye apunguze bei kwa theluthi moja, nao watakuwa wameelewana.

Tena yapasa mtu ajue ni mti wa namna gani anunuao. Kwa uzito, kuni za miti karibu yote, zikiwa kavu sawasawa, hutoa joto lisilopitana sana. Kilo ya msindano na kilo ya muwati hazitofautiani kama watu wadhanivyo. Tofauti iko katika ujazo. Muwati ni mti mzito, na rundo lake la mita moja lina kuni nyingi zaidi kuliko rundo kama hilo la saiprasi. Kwa sababu hiyo kuni nzito ni vema zinunuliwe kwa ujazo wa rundo, na kuni mbichi zisinunuliwe kwa uzito hata siku moja.

Muwati, ambao Wakikuyu huuita muthanduku, ulitoka Australia, ukapandwa kwa wingi katika milima ya Kenya kwa ajili ya maganda yake yatumiwayo katika kutengenezea ngozi. Mti ukishabanduliwa maganda hubaki kuni na nguzo. Makaa yake ni mazuri, huwaka bila ya kurusha cheche nyingi, na mtu awezaye kuupata asitafute mwingine. Mkaratusi nao ulitoka huko huko Australia, ukaletwa Kenya mwaka 1902, miaka mitatu tu baada ya reli kufika Nairobi, kwa sababu magari-moshi ya wakati ule yalihitaji kuni nyingi na watu wa misitu walitafuta mti ukuao upesi. Hata leo mti huu haujaacha kuwa kuni za mitambo, kwa kuwa viwanda vya majani ya chai huutumia kukaushia majani. Hapo ndipo mwenye nyumba wa Limuru au Kericho ashindanapo na kiwanda bila ya kujua. Akiona bei imepanda ghafula, yawezekana ni kiwanda kilichopita mbele yake na malori. Mkaratusi huchanjwa vizuri ukiwa mbichi, lakini ukiachwa ukauke ukiwa gogo zima, shoka litalia na mtu atalia.

Mukima, yaani ile grivilea ipandwayo mipakani mwa mashamba ya kahawa na chai, si kuni bora, walakini una faida moja kubwa: hukatwa matawi kila mara bila ya kuuawa, na mwenye shamba mara nyingi hufurahi kuyauza matawi hayo kwa bei ndogo ili kivuli kipungue. Saiprasi na msindano vina utomvu. Huwaka upesi kwa kelele na cheche, na mbele yake yapasa pawekwe wavu wa chuma, khasa penye zulia na watoto. Vyafaa sana kuwashia moto, havifai kuachiwa peke yake usiku.

Ziko kuni nyingine ambazo hazifai kwa bei yo yote, hata zikitolewa bure. Nguzo za zamani za simu na umeme zilipakwa dawa za kuzuia mchwa, na katika dawa hizo mna sumu ambazo moto hauziui. Huzipeleka katika moshi na katika majivu. Mbao za kale zenye rangi zaweza kuwa na risasi. Matawi ya olianda, ile ipandwayo bustanini kwa maua yake, yana sumu hata katika moshi. Mtu maskini huona uchungu kuacha nguzo nzima ikioza kando ya barabara, lakini kifua cha mtoto hakinunuliwi tena.

Sasa kuni za bei ndogo zapatikana wapi? Yuko mtu akaaye Limuru asiyejua ya kwamba kiwanda cha kupasulia mbao kilicho mwendo wa dakika 20 kutoka kwake huuza mabanzi, yale mapande ya pembeni yenye maganda, kwa bei iliyo chini ya kuni za sokoni. Mabanzi ni membamba, hukauka upesi, nayo hayahitaji kuchanjwa. Kasoro yake ni kwamba huisha upesi motoni, basi yachanganywe na magogo ya muwati. Mashamba ya kahawa nayo yana desturi ya kukata mashina yaliyozeeka ili machipukizi mapya yapate nafasi, na miti ya kahawa ni mizito na yenye makaa mema, ijapokuwa ni midogo. Shamba la chai likifika wakati wa kung'oa miche mikongwe, visiki vyake huwa rundo kubwa. Katika nchi ya mahindi, Kitale na Eldoret, magunzi hufaa kuanzishia moto, nayo hayana bei. Watu wanne au watano wa kitongoji kimoja wakishirikiana kukodi lori moja Februari, kila mmoja hulipa sehemu tu ya gharama ya safari, na mara nyingi safari ndiyo iliyokuwa ghali kuliko kuni zenyewe.

Kwa wale wanaokaa kando ya misitu ya serikali, sheria yawaruhusu wanachama wa vyama vya jamii vya misitu kuokota kuni zilizokufa kwa kibali, wakilipa ada kwa Huduma ya Misitu. Kuokota si kukata. Mti ulio hai hauguswi. Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na ijapokuwa mwaka 2023 Rais William Ruto alitangaza kuiondoa amri hiyo, miaka ile mitano iliwafundisha watu wengi kwamba mti wa shambani kwako ndio usioweza kufungiwa mlango. Mnunuzi wa lori zima asione haya kuuliza hati ya kusafirishia kuni hizo. Kuni zisizo na hati huwa na bei nzuri sana mpaka penye kizuizi cha polisi.

Jambo la kupanda si geni kwa wanawake wa nchi hii. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, sababu mojawapo ilikuwa malalamiko ya wanawake wa vijijini kwamba kuni zimekuwa mbali. Kazi hiyo ilimfikisha kwenye Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, lakini chanzo chake kilikuwa tita la kuni mgongoni. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 zaidi ya nusu ya nyumba zote za Kenya zilikuwa zikipikia kuni, kwa hiyo mwenye dohani asidhani yu peke yake sokoni. Ashindana na mama mwenye sufuria ya maharagwe, na huyo haja yake ni kubwa zaidi. Mtu mwenye robo eka pembeni ya shamba akipanda mikaratusi, ataweza kukata kuni baada ya miaka michache, na visiki vitachipuka tena bila ya kupandwa upya. Lakini asipande karibu na chemchemi au mto, kwa kuwa mti huo una kiu, na jirani wa chini atakuja kuuliza maji yake.

Kuni zikishafika nyumbani, zichanjwe mara moja, vipande visizidi unene wa mkono wa mtu mzima penye kigasha, zipangwe juu ya mawe au magogo mawili ili zisiguse udongo, na zifunikwe juu tu. Wako wazifunikao kwa turubali mpaka chini, wakidhani wazihifadhi. Kumbe wamezifungia unyevu, na baada ya miezi mitatu wafunua uyoga. Upepo ndio ukaushao zaidi ya jua. Kuni za siku mbili au tatu ziingizwe ndani, zikae kando ya moto bila ya kuukaribia mno.

Yafaa isemwe pia ya kwamba moto wa wazi chini ya dohani ni mharibifu. Sehemu kubwa ya joto lake hupanda juu pamoja na moshi na kuwapasha moto ndege. Mwenye fedha atanunua jiko la chuma lenye mlango, litakalotumia kuni chache zaidi kwa joto lile lile. Asiyekuwa nazo afanye moto mdogo ulio mkali, wala si moto mkubwa wenye moshi. Aukusanye nyuma karibu na ukuta, ili mawe yapate joto na kulirudisha chumbani. Dohani ifagiliwe kila mwaka kabla ya Juni.

Kuni zikiisha katikati ya Julai, kwa kuwa hazikununuliwa Januari, au zilikuwa mbichi hata hazikuwaka, mwenye nyumba hufanya nini? Huwasha jiko la makaa nje, akangoja moshi uishe, akaliingiza chumbani kwa watoto, akafunga dirisha na kuziba upenyo wa mlango kwa blanketi. Makaa yaonekana safi kwa kuwa hayana moshi. Lakini makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu aivutaye huumwa kichwa, akaona usingizi, akalala, na asiamke. Karibu kila msimu wa baridi magazeti huwa na habari ya nyumba moja iliyokutwa imefungwa asubuhi kwa namna hii. Jiko la makaa lisiingizwe katika chumba cha kulala, hata kwa saa moja, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Watoto wavishwe soksi na sweta, walale wawili wawili, wapewe chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Na mwenye dohani naye asiifunge kabla makaa ya mwisho hayajazimika, kwa maana sumu ni ile ile.

Majivu yasimwagwe asubuhi katika ndoo ya plastiki, kwa kuwa makaa hujificha ndani yake usiku kucha na zaidi. Yawekwe katika debe la bati lenye kifuniko, nje ya nyumba, mpaka siku ya pili. Yakishapoa yafaa kutiwa chooni, au kuchanganywa na maharagwe ya akiba yasiliwe na wadudu, au kunyunyizwa kidogo katika bustani ya kabichi na vitunguu. Kwenye miche ya chai yasipelekwe. Chai hupenda udongo mkali, na majivu huuondoa ukali huo.